Chaza Watatu na Chupa Moja

"Sisaini."

Ilikuwa mara ya nne tangu asubuhi. Safari hii alilisema huku akiishusha mikono yake yenye pingu chini ya meza, ili hata kalamu wasiweze kumshikisha.

Alikuwa fundi wa matangi ya samaki, mwanamke wa miaka ishirini na saba hivi, mwenye viganja vilivyokauka na kupasuka kwa maji ya chumvi. Wateja wake wote walimwita Fundi, na hata wale waliomkamata jana yake waliandika hivyo hivyo kwenye kitabu cha mapokezi. Mbele yake alikaa Inspekta mwenye miaka thelathini kazini, ambaye kituoni walimwita Mama Penseli, kwa kuwa wino hakuutumia ila kwenye saini. Penseli zake zilikaa tatu kwenye mfuko wa shati, zote zimechongwa kwa kisu.

Mlangoni alisimama Mkuu wa kituo, mkono shavuni. Shavu lenyewe lilikuwa limevimba kama mtu aliyebana yai mdomoni.

"Inspekta, mpaka saa hizi?" Maneno yalimtoka yamelegea upande mmoja. "Chupa ya sumu imekutwa kwenye mkoba wake. Mwenye mali ameandika maelezo. Unangoja nini, malaika ashuke?"

"Nangoja niyasome tena, afande."

"Soma upesi ufunge jalada. Saa kumi nina miadi kwa daktari wa meno."

"Daktari yupi?"

Mkuu alitazama dari. "Huyo huyo."

Fundi alicheka kwa pua. Inspekta hakucheka. Aliivuta karatasi ya maelezo, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya chini huku kidole kikifuata mstari:

"Mimi ni daktari wa meno. Ninaishi ghorofa ya pili, juu ya kliniki yangu. Sebuleni nina tangi la kioo la maji ya bahari, lenye samaki, matumbawe na chaza wakubwa watatu, mmoja wa gramu mia nne na kumi, wa pili gramu mia saba thelathini, wa tatu gramu elfu moja mia tisa. Ijumaa iliyopita niligombana na fundi wangu, akaondoka kwa hasira. Jumanne chaza mdogo alikutwa amekufa. Jumatano akafa wa kati. Naamini aliwatilia sumu yenye shaba."

Aliyanakili yote kwenye daftari lake, herufi kwa herufi, na zile gramu pia. Mkuu alihema kwa nguvu. Penseli haikuongeza mwendo.

"Chupa ni yako?" Inspekta aliuliza.

"Yangu. Nimekataa lini?"

"Ina nini?"

"Dawa ya shaba. Ya samaki walioota madoa meupe. Samaki unamtoa, unamweka kwenye ndoo peke yake, unamtibia huko huko. Kwenye tangi lenye chaza haiingii hata tone. Ndiyo maana nimeizungushia utepe mwekundu. Mwenye kuficha sumu anaifunga utepe mwekundu, Mama?"

"Mama yako yuko kwenu. Hapa niite Inspekta. Mligombana?"

"Tuligombana sana. Aliniambia niwatoe chaza nje ya maji. Nikamwambia chaza hatolewi, kama anataka kitu cha kutoa akatoe meno."

"Alitaka watolewe kwa nini?"

"Sijui. Sikumpa nafasi ya kumaliza. Mdomo wangu ulitangulia, kama kawaida yake."

"Umeona!" Mkuu alidakia. "Mdomo na hasira. Sababu hiyo hapo, imekaa kwenye kiti."

Fundi alimgeukia. "Afande, mimi nina wateja tisa. Daktari ameirusha picha yangu na hiyo chupa kwenye kundi la simu la wafuga matangi, ameandika 'muuaji'. Mpaka jana jioni, kabla hamjachukua simu yangu, saba walikuwa wameshanitumia ujumbe nisirudi. Nikisaini hapo, sitashika tangi la mtu tena mpaka nazikwa. Nisiposaini mtanilaza ndani. Nitalala. Mende wenu tumeshajuana, yule mkubwa analala upande wa ukuta."

Inspekta aliuma kichwa cha penseli. "Wa tatu yuko hai?"

"Jana alikuwa hai," alijibu Mkuu. "Sijui leo."

Kiti kilianguka. Fundi alikuwa amesimama. "Yuko hai na mmenifungia humu? Nipelekeni. Leo Ijumaa, ndiyo siku yangu ya kwenda. Nimwone, nimtengeneze, halafu nifungeni hata mwaka."

"Mtuhumiwa hatoki," Mkuu alisema.

"Eneo la tukio halijakaguliwa," alisema Inspekta, akiokota kiti. "Hakuna aliyekwenda kulitazama. Tumepokea karatasi na chupa, basi. Jalada la namna hiyo mimi silifungi."

"Nimekuamuru."

"Iandike, afande." Alitoa penseli ya pili mfukoni, akaigeuza, akamnyooshea upande usiochongwa. "Iandike amri yenyewe, uisaini, niiambatanishe kwenye jalada. Kwamba nimezuiwa kukagua."

Mkuu aliitazama penseli. Shavu lilimpiga mdundo. "Saa tisa na nusu uwe hapa," alisema mwishoni, akaondoka akijigonga na fremu ya mlango.

*

Tangi lilikuwa na urefu wa kitanda, limekaa juu ya kabati jeupe, na taa tatu zimening'inia juu yake. Pampu ziliguruma taratibu. Sebule nzima ilinuka upepo wa pwani, mseto wa chumvi na majani mabichi. Karibu ya kioo, kwenye kiti chenye mto, aliketi mama yake daktari, mwanamke wa miaka sabini na zaidi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, anakunja mataulo madogo ya kliniki na kuyapanga kwa rangi.

"Wewe!" alisema alipomwona Fundi. "Wamekufunga kweli? Mwanangu, umekonda kwa siku moja."

"Shikamoo, Bibi. Sijakonda, ni hasira."

"Marahaba. Na huyu?"

"Polisi, Mama," alisema Inspekta. "Nimekuja kukagua. Daktari yuko wapi?"

"Chini, na wagonjwa. Akipata nafasi hupanda."

Fundi alikuwa ameshafika kwenye kioo. Aliinama hata pua ikagusa, akakaa hivyo bila kupumua. Kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Nifungue mikono, Inspekta."

"Kwanza tazama, unieleze. Huyo wa tatu yuko wapi?"

"Pale, chini ya rafu ya jiwe. Kivulini."

Inspekta aliinama naye. Mwanzoni aliona jiwe tu. Kisha jiwe likapata mdomo. Magamba mawili mazito yamepindapinda kama mawimbi, na kati yake mnofu laini wa kijani na bluu, wenye madoa kama ya chui, ambao ulipaswa kumwagika nje ya magamba kama kitambaa kilichozidi meza. Lakini ulikuwa umejikunja ndani. Tundu moja lililo katikati ya mnofu lilikuwa limeachama wazi.

"Kuachama hivyo ni ugonjwa," alisema Fundi. "Mzima tundu lake huwa jembamba kama tundu la sindano. Na pale si mahali pake. Huyu anaishi kwa mwanga. Ndani ya ule mnofu ana vijimea vya kijani vinavyompikia chakula kwa taa. Umnyime taa siku kadhaa, umemnyima sahani. Mimi nilimwacha pale juu ya mchanga, wazi, ametazama dirisha. Daftari langu limo kwenye mkoba wenu, ukurasa wa mwisho."

Inspekta alikuwa amekuja na mkoba wa vielelezo. Alilitoa daftari. Kila Ijumaa ilikuwa na ukurasa wake, chumvi ya maji, joto, chokaa iliyomo, na chini yake michoro ya chaza watatu, kila mmoja na mshale wa kuonyesha anakoelekea na urefu wake.

"Urefu huu uliupataje?"

"Kwa rula, juu ya kioo. Namtazama sawasawa, naandika sentimita. Simgusi."

"Na uzito?"

"Uzito gani?"

Inspekta alichukua penseli. Alichora mstari chini ya kitu fulani kwenye daftari lake mwenyewe, akafunga ukurasa.

"Tuanze na chupa," alisema. "Dawa ya shaba ingeingia humu, nani angekufa kwanza?"

Fundi alinyoosha vidole viwili vilivyofungwa pamoja, akagusa kioo. Kamba mdogo mwenye mistari miekundu na mieupe alikuwa amekaa juu ya tumbawe, anajisafisha masharubu bila hili wala lile. Chini yake konokono wanne walikuwa wakilamba kioo.

"Huyo. Huyo ndiye angekuwa wa kwanza, hata kabla sijafika ngazini. Halafu konokono. Chaza baadaye. Shaba haichagui chaza ikawaacha kamba."

"Unao uthibitisho mwingine zaidi ya mdomo wako?"

"Kipimo cha shaba kiko kwenye kabati hapo chini. Pima mwenyewe, mimi nimefungwa."

Inspekta alipima mwenyewe. Alichota maji kwenye kichupa, akatia matone kumi kama karatasi ilivyoagiza, akatikisa, akangoja dakika tano kwa saa yake ya mkononi, huku mama yake daktari akihesabu naye kwa sauti. Maji yalibaki meupe. Kwenye kadi ya rangi, nyeupe ilikuwa sifuri. Aliandika saa, idadi ya matone na rangi.

"Basi si sumu," alisema mama yake daktari.

"Si shaba, Mama. Twende polepole. Fundi, kipi kingine huua chaza?"

"Kuna vikonokono vyeupe, punje ya mchele ni kubwa kuliko hivyo. Hujificha chini ya gamba, humfyonza. Lakini nilikagua Ijumaa, havikuwepo, na havimmalizi mtu kwa siku nne. Kuna kubadili taa ghafla. Taa ni zile zile." Alinyamaza. "Na kuna kumng'oa."

"Kumng'oa vipi?"

"Chaza ana mguu, chini, unapita kwenye tundu la gamba. Unatoa nyuzi kama za katani, anajifunga nazo kwenye jiwe. Ukimvuta, nyuzi hazikatiki. Unachanika mguu. Na mguu ukichanika hana dawa. Anaoza kuanzia chini, siku tatu, siku nne."

Inspekta alirudisha penseli mfukoni. Alitoa ufunguo, akazifungua pingu, akaziweka mfukoni. "Nionyeshe walipokuwa wale wawili. Usimguse huyo mkubwa bado."

"Inspekta, kila dakika..."

"Ukimgusa kabla sijachora, watasema ni wewe uliyemhamisha. Dakika mbili."

Fundi aliuma mdomo, akangoja. Inspekta alichora rafu, kivuli, na mshale. Upande wa dirisha aliandika D, upande wa ukuta U. Mshale wa chaza sasa ulielekea U.

Baada ya hapo Fundi alinawa mikono kwa maji matupu mpaka kwenye viwiko, bila sabuni, akapanda kigoda, akatoa mawe mawili ya bapa na kuyaweka kwenye sinia. Juu ya kila moja, katikati, palikuwa na kishungi cha nyuzi za kahawia. Kwenye ncha ya kila kishungi kulikuwa na kipande cha nyama, kimeanza kuwa cheupe.

"Mguu," alisema. "Umebaki hapo."

Mama yake daktari aliacha taulo. "Kama mzizi wa jino."

Inspekta alimtazama, kisha akageuza mawe kwenye mwanga wa dirisha. Kando ya kila kishungi, mwani wa zambarau uliofunika jiwe ulikuwa umekwanguliwa kwa alama mbili za upinde, moja kushoto na moja kulia, zinatazamana kama mabano. Alizipima kwa rula ya Fundi.

"Haya, mtengeneze mgonjwa wako," alisema. "Mimi naomba kuona jiko."

"Jiko?" aliuliza mama yake daktari. "Jikoni kuna nini?"

"Mizani, Mama. Unayo?"

Yule mama alisimama upesi kuliko magoti yake yalivyopenda. "Ninayo, na nina kesi nayo! Jumapili nilioka keki, ikatoka na chumvi mpaka mbwa wa jirani aliikataa. Nikasema mkono umeteleza, uzee huo. Jumatatu naitazama mizani, skrubu zimeanza kutu. Mizani ya miaka kumi na moja, haijawahi kuona kutu!"

Ilikuwa mizani ya sahani ya bati, imekaa juu ya jokofu. Inspekta alivaa glavu, akainyanyua sahani. Chini yake palikuwa na utando mweupe mgumu wa chumvi iliyokauka. Chumvi jikoni si ajabu. Aliinamia zaidi, akaazima koleo ya nyusi ya mama mwenyewe, akabandua kitu kilichonasa kwenye chumvi ile. Kilikuwa kijigamba chembamba, cheupe upande mmoja na chenye uzambarau upande wa pili, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

"Wale waliokufa wako wapi?"

"Kwenye jokofu, kwenye kopo la aiskrimu. Mwanangu alisema ni ushahidi."

"Alisema kweli."

Chaza wa kati alikuwa na safu za vijigamba vilivyosimama mgongoni, kama vigae vya paa. Kwenye safu ya tatu kigae kimoja hakikuwepo, na pale kilipovunjika palikuwa papya na peupe. Inspekta alikiweka kijigamba pale. Kilikaa kama kilichopigiwa kipimo.

Mama yake daktari alivaa miwani, akatazama, akavua miwani. Alivuta kiti cha jikoni akakaa.

*

Daktari alipanda saa tisa na robo, koti jeupe, barakoa imeshushwa kidevuni. Alimkuta Fundi juu ya kigoda, mikono yote miwili majini.

"Nini hiki? Muuaji mmemrudisha kwenye tangi? Bila pingu?"

"Pingu ni chuma," alisema Inspekta. "Nimeambiwa chuma hakitakiwi majini. Karibu ukae, Daktari. Sitakuchelewesha. Nina swali moja tu la kitaalamu."

"Uliza upesi."

"Gego la chini, lililoshika vizuri. Unaling'oaje?"

Daktari alishangaa, lakini kazi ilikuwa yake na aliipenda. Aliinua mkono wa kulia kama ameshika koleo. "Watu hudhani tunavuta. Hatuvuti. Ukivuta unavunja. Unalitikisa. Ndani, nje, ndani, nje, taratibu, mpaka linaachia lenyewe. Ni mkono, si nguvu."

"Kushoto na kulia."

"Kabisa."

Inspekta aliondoa kitambaa kwenye sinia. "Kama hivi?"

Daktari aliyatazama mawe, zile alama mbili za upinde zinazotazamana. Mkono ulikuwa bado hewani. Aliushusha.

"Sijui hayo ni nini."

"Uliandika kwenye maelezo yako gramu mia nne na kumi, mia saba thelathini, elfu moja mia tisa. Nani aliwapima?"

"Fundi. Ni kazi yake."

"Kitabu chake kina Ijumaa arobaini na moja. Sentimita tele. Gramu hakuna hata moja. Mnyama aliye majini nyuma ya kioo anapimwaje gramu, Daktari?"

"Nilikadiria."

"Ulikadiria mia saba thelathini? Si mia saba, si mia nane?"

Pampu iliguruma. Inspekta aliweka mezani mizani, kando yake chaza wa kati, na kijigamba juu ya kipande cha karatasi nyeusi. Alivipanga bila haraka, kwa umbali sawa.

"Hiki kimetoka chini ya sahani ya mizani ya mama yako. Kinakaa hapa. Jaribu, ukitaka."

"Mama," alisema daktari, "hii mizani si..."

"Usiniite!" Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Nimejiita mzee kwa keki yako. Wiki nzima nimesema akili imeanza kunitoka. Kumbe ulipima wanyama kwenye mizani yangu, ukaikausha kwa taulo, ukairudisha juu ya jokofu na kuniangalia nikilalamika! Sema."

Daktari alikaa. Alivua barakoa yote, akaikunja mara nne.

"Ni chama," alisema. "Chama cha wafuga matangi. Mwaka huu mwenyekiti anakuwa yule mwenye chaza mzito zaidi aliyemkuza mwenyewe. Fomu zilifungwa Jumamosi saa sita mchana. Nilimwomba Fundi awatoe dakika moja tu. Akanitukana. Nikasema, meno elfu ngapi nimetoa, nitashindwa na konokono?"

"Si konokono," alisema Fundi kutoka kigodani.

"Yule mdogo aliachia upesi. Wa kati alisumbua. Wa tatu alikataa kabisa, nikamtoa na jiwe lake, nikampima hivyo hivyo, nikamrudisha pale nilipofikia."

"Na jiwe!" Fundi alicheka, kicheko cha kweli safari hii, kikajaa sebule. "Elfu moja mia tisa! Nilikuwa najiuliza amekula nini. Daktari, umegombea uenyekiti na jiwe!"

"Walipokufa, ulijua sababu?" aliuliza Inspekta.

"Nilijua Jumatano."

"Na maelezo yako umeyaandika Alhamisi."

Inspekta aliandika: hakujibu.

Ngazi zililia. Mkuu wa kituo aliingia, mkono shavuni, jasho usoni. Alitazama mizani, mawe, chaza, mikono ya Fundi isiyo na pingu.

"Inspekta, saa tisa na nusu imepita."

"Imepita, afande. Daktari amekiri. Maelezo ya uongo kwa polisi, kwa mkono wake."

Mkuu alimtazama daktari. Daktari alimtazama Mkuu, au labda shavu lake. "Afande," alisema kwa upole, "haya tunaweza kuyamaliza hapa hapa. Nifute maelezo, Fundi aende zake, na wewe nikuone sasa hivi, bila kungoja foleni. Jino hilo linahitaji mtu leo."

Mkuu alifumba macho kidogo. Maumivu yalionekana yakipanda hadi sikioni.

"Sikubali," alisema Fundi.

"Hujaulizwa," alisema Mkuu.

"Ndiyo maana najibu kabla." Alitoa mkono mmoja majini, ukawa unadondosha matone sakafuni. "Niliitwa muuaji mbele ya watu mia mbili kumi na wawili. Hainitoshi kuachiwa mlango wa nyuma. Aandike kule kule alikoniandika. Kwa jina lake, leo, mkiwa mnaona. Hataki, narudi kwa mende, na kesho asubuhi nakwenda mahakamani na mawe yangu."

"Mawe ni kielelezo," alisema Inspekta. "Yanakwenda na mimi. Na jalada linakwenda mbele, afande, kama daktari atakung'oa jino au hatakung'oa. Nakushauri utafute mwingine. Huyu leo mkono wake haujatulia."

Mkuu alifungua mdomo, ukamwuma, akaufunga. Alikaa kwenye kiti cha mataulo, juu ya mataulo yenyewe.

Daktari alitoa simu. Aliandika, akasoma: "Ndugu wanachama, kumetokea sintofahamu kuhusu..."

"Futa," alisema Fundi.

Akaandika tena. "Chaza wangu wamekufa kwa sababu zisizohusiana na..."

"Futa. Kuna mtu aliyefanya. Mtaje."

Mama yake alimjia, akamnyang'anya simu, akavaa miwani, akaishika mbali na uso. "Nitaandika mimi. Nina kidole kimoja lakini kinajua kusema." Aliandika kwa muda mrefu, ulimi nje, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akasoma: "Mimi daktari wa meno niliwang'oa chaza wangu kwenye mawe ili niwapime kwenye mizani ya mama yangu. Wawili wamekufa. Wa tatu nilimpima pamoja na jiwe. Fundi alinikataza. Nilisema uongo kwa polisi. Jina langu naliondoa kwenye uenyekiti."

"Mama, hilo la uenyekiti sikusema!"

"Nimeongeza." Akabonyeza. Simu ikatoa mlio mdogo wa ujumbe uliokwenda.

Inspekta aliangalia saa, akaandika: saa tisa na dakika hamsini na mbili.

Fundi alikuwa amerudi kwenye maji. Chaza mkubwa, pamoja na jiwe lake, alikuwa sasa nusu kivulini na nusu kwenye mwanga, ametazama dirisha. "Nusu kwanza," alieleza, ingawa hakuna aliyeuliza. "Ukimrudisha taani ghafla baada ya siku sita, unamchoma. Keshokutwa nitamsogeza kidole kimoja." Aliigeuza pampu kidogo, maji yasimpige usoni.

"Atapona?" aliuliza mama yake daktari.

"Sijui, Bibi. Mguu wake haukuachia. Alikataa."

Kivuli cha mkono wake kilipita juu ya chaza. Magamba yalijivuta kwa pamoja, polepole, lakini yalijivuta: bado alikihisi kivuli.

Ndani ya mkoba wa vielelezo simu ya Fundi ilianza kulia. Inspekta aliitoa, akasoma kwenye kioo. "Mteja wako mmoja. Huyu ni kati ya wale saba?"

Fundi alitupa jicho. "Ni wa kwanza kunifukuza."

"Nipokee?"

"Mpokee." Hakuutoa mkono majini. "Mwambie angoje. Nina mgonjwa."